Mashua ya mvuke inayochemka bila kusogea

Ndugu, umeuliza kwa nini mashua ndogo ya mvuke, ile ya kuchezea yenye bomba lililozungushwa juu ya mshumaa, ambayo binti yako anaiandaa kwa ajili ya mradi wa sayansi hapo Moshi inachemka lakini haisogei. Sidhani kama kosa ni la mshumaa. Mara nyingi bomba huwa na hewa ndani: ni lazima lijazwe maji kabisa kabla ya kuwasha moto, na ncha zake zote mbili zibaki chini ya maji, zikielekea nyuma. Mvuke husukuma maji nje kwa mkondo mmoja ulionyooka, kisha unapopoa bomba huvuta maji mengine kutoka pande zote, ndiyo maana mvuto huo haurudishi mashua nyuma kwa nguvu ileile. Thomas Piot alisajili hataza ya chombo cha aina hii nchini Uingereza mwaka 1891.

Kagua pia kama bomba limebonyea. Bomba jembamba la shaba utalipata kwa fundi friji. Lijaze mchanga mkavu kabla ya kulizungusha kwenye kalamu nene (mimi niliharibu mawili kwa haraka zangu), kisha uusukume wote kwa maji. Mwinuko wa Moshi usikutie shaka, kwani maji huchemka huko kwenye takribani nyuzi 97, tofauti ambayo mashua haitaihisi.