Maswali ya wasomaji: ovaflo inayovuta kama choo, na sampu inayofurika umeme ukikatika

SWALI: Shikamoo mzee wa samaki. Niko Tabata, nina tangi la sentimita 120 kwa 45 kwa 50, nimefuga samaki wa ziwa Tanganyika, chini kwenye kabati kuna sampu (tangi dogo linalopokea maji kabla pampu haijayarudisha juu). Fundi alinijengea kwenye kona kisanduku cha ovaflo (kinachopokea maji yanayofurika tangini) chenye matundu mawili, moja maji yanashukia kwa bomba la inchi moja na lingine linapitisha maji yanayorudi. Pampu imeandikwa lita 3,000 kwa saa. Shida kelele mzee, kila baada ya muda bomba linavuta kama choo, linatulia, linaanza tena, usiku ndo balaa, na mama watoto keshasema tangi litoke sebuleni. Ninunue bomba kubwa zaidi?

JIBU: Marahaba kijana wangu, mwambie mama watoto avumilie kidogo, bomba halina kosa na usinunue lingine bado.

Kinachotokea ni hivi. Maji yakiwa mengi yanajaza bomba lote, hewa inafukuzwa, linaanza kunyonya kwa nguvu, sasa linanyonya haraka kuliko pampu inavyoleta kwa hiyo kisanduku kinakauka, hewa inaingia, mnyonyo unakatika, maji yanapanda upya na mchezo unaanza mwanzo. Dawa ni mbili tu, ama ulipatie bomba hewa muda wote ama ulinyime kabisa. Hapo katikati ndo kelele zinapokaa.

Kabla ya yote angalia pampu. Tangi lako ni lita 270, ukizungusha maji mara 5 hadi 7 kwa saa inatosha kabisa, yaani lita 1,350 hadi 1,890. Hizo 3,000 za kwenye boksi ni pale pampu isipopandisha maji juu, ukiipandishia zaidi ya mita inapungua sana, ila usikisie, chukua ndoo ya lita 10 na saa ya simu, kinga pale maji yanapoingilia tangini. Ikijaa kwa sekunde 20 hiyo ni lita 1,800 kwa saa, uko vizuri. Ikijaa kwa sekunde 12 ni 3,000 kweli, punguza pampu kwanza maana nusu ya kelele itaondoka hapo hapo.

Njia ya kulipatia bomba hewa inaitwa Durso. Juu ya bomba linaloshusha unaweka tii (kiungio cha midomo mitatu), mdomo wa pembeni unavalisha elbo (kiungio cha kona) inayoangalia chini ili maji yaingie kutokea chini ya uso wa maji, mdomo wa juu unauziba kwa kifuniko chenye katundu. Katundu kakiwa kadogo sana choo kinarudi, kakiwa kakubwa sana maji yanagugumia bombani. Sasa wengi wanatoboa kwa kubahatisha wanaharibu vifuniko, wewe toboa kiasi cha kupitisha ule mpira mwembamba wa pampu ya hewa, mwisho wake weka koki ndogo ya plastiki, ukifungua taratibu utafika mahali kuvuta kunaisha. Acha hapo.

Lakini kwa sababu matundu unayo mawili mimi ningeenda na njia ya kulinyima bomba hewa, inaitwa Herbie. Tundu zote mbili ziwe za kushusha maji, yale ya kurudi uyapitishe juu ya kioo. Bomba la kwanza mdomo wake uwe chini ndani ya kisanduku, uvalishe kichujio, na kule chini kabla ya sampu ulifunge geti valvu (koki inayofunga taratibu kwa kuzungushwa mara nyingi). Bomba la pili liwe refu, mdomo ukae chini kidogo ya meno ya kisanduku (mikato ya ukingoni maji yanapoingilia), hili ni la dharura na halifungwi valvu ya aina yoyote, hata fundi akikuambia itapendeza. Na iwe geti valvu kweli, sio bol valvu (koki ya mkono wa robo mzunguko), ile ukiigusa kidogo tu inaruka kutoka kidogo mpaka kingi na hutaweza kuitegesha.

Kutegesha: fungua geti yote, washa pampu, subiri hewa itoke. Kisha funga robo mzunguko, kaa dakika kadhaa uangalie, funga tena robo. Maji kwenye kisanduku yatapanda yatafunika mdomo wa bomba la kwanza, unataka yasimame sentimita chache chini ya mdomo wa lile la dharura, au yachuruzike kidogo sana humo, vyote sawa. Ukisikia kimya umefika. Kesho yake yatakuwa yamepanda au kushuka kidogo, gusa tena, usihangaike. Kichujio kikianza kuziba utajua tu, lile la dharura litaanza kupiga kelele na hiyo ndo kazi yake.

Mwisho wa bomba la kwanza kule kwenye sampu uzame kama sentimita 2 hivi, basi. Watu wanalizamisha mpaka chini wakidhani litakuwa kimya zaidi, matokeo yake umeme ukirudi hewa iliyonaswa ndani inashindwa kutoka na mnyonyo hauanzi.

SWALI: Habari za huko, mimi niko Mombasa, nafuga samaki wa bahari kwenye tangi la 90 kwa 40. Umeme ukikatika sampu inafurika mpaka zulia linaloa. Nimefunga valvu ya kuzuia maji yasirudi, mwanzoni ilisaidia, sasa haisaidii. Nayo maji yakipungua niongeze wapi?

JIBU: Pole sana dada (au kaka, hukusema). Pampu ikizima, bomba la kurudisha linageuka mnyonyo, linarudisha maji chini mpaka mdomo wake upate hewa. Tangi lako kila sentimita moja ya kina ni lita 3.6, kwa hiyo mdomo ukiwa sentimita 8 ndani ya maji zinashuka karibu lita 29, hapo hujahesabu yaliyobaki kwenye kisanduku na mabomba. Pima nafasi iliyo wazi kwenye sampu yako ulinganishe, nadhani jibu utaliona mwenyewe.

Pandisha mdomo uwe sentimita 1 au 2 tu chini ya uso wa maji, na toboa katundu kwenye bomba hilo chini kidogo ya uso wa maji, pale maji yakishuka kidogo tu hewa iingie. Utando wa kijani wa mwani huwa unakaziba, kasugue ukisafisha kioo. Ile valvu itoe au iache, ila usiitegemee, konokono mdogo au chembe ya chumvi ikikaa kwenye ulimi wake haifungi.

Halafu zima swichi mwenyewe mchana ukiwa na dekio mkononi. Maji yakimaliza kushuka piga alama kwenye sampu kwa maka peni, ikiwa yamefika ukingoni punguza. Fanya na jaribio la upande wa pili ambalo watu husahau: ziba bomba la kushusha, acha pampu ifanye kazi. Chumba cha pampu kikiisha maji kabla tangi halijamwagika uko salama, kikiwa na maji mengi kuliko nafasi iliyobaki juu ya tangi, punguza maji humo.

Kuongeza maji: kina cha tangi la juu kinashikwa na meno ya kisanduku, hakibadiliki, kinachopungua ni chumba cha pampu peke yake. Ongeza hapo, na maji matamu sio ya chumvi, maana chumvi haiondoki na mvuke.

SWALI: Mimi wa Nakuru. Tangi langu halina tundu, nitoboe chini ama ninunue ile ya mrija wa U inayoning'inia kwa kioo?

JIBU: Ile ya mrija siipendi, nasema wazi. Mapovu yanajikusanya kwenye kona ya juu, siku moja mnyonyo unakatika na pampu bado inasukuma, sakafu ndo inalipa.

Toboa, lakini ukuta wa nyuma, sio chini, kwa sababu tangi nyingi za dukani kioo cha chini kimepikwa kiwe kigumu na kikiguswa na kekee kinapasuka chote vipande vipande. Kukijua, weka skrini ya kompyuta yenye mwanga mweupe nyuma ya kioo, vaa miwani ya jua ya polaroidi uangalie upande wa pili: ukiona madoa au mistari ya giza, kimepikwa, achana nacho. Kikiwa cha kawaida tumia kekee ya almasi ya mviringo, maji yakimwagika muda wote, mwendo wa polepole, usikandamize. Nunua tenki konekta (kiungio kinachopitisha bomba kwenye kioo) kwanza upime tundu kwa hiyo hiyo, na tundu likae mbali na ukingo wa kioo angalau upana wake lenyewe. Washa (pete) ya mpira ikae upande wa ndani wenye maji, nati kaza kwa mkono kisha ongeza robo mzunguko.

Na tangi liwe tupu wakati wa kutoboa, msomaji mmoja alishaniuliza hilo pia.