Kwa wadogo zetu mnaojiunga na klabu ya picha

Wadogo zangu wa kidato cha kwanza, karibuni sana. Simu haziruhusiwi shuleni, kwa hiyo tunategemea kamera inayokaa kabatini kwa mwalimu mlezi, na zamu yako ikifika utaishika kwa muda mfupi tu. Msiumalize muda huo kwa kubonyezabonyeza kila kitufe. Anzeni na jambo moja: sura ya mtu ionekane.

Hapa Dodoma hilo ndilo gumu kuliko yote. Kiangazi anga linawaka, ardhi inawaka, na mashati yetu ya sare ni meupe. Kamera haimjui mtu wala shati, inapima mwanga wote kwa pamoja na kutafuta wastani. Ikikuta weupe mwingi inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, na tunaoumia ni sisi wenye ngozi nyeusi: shati linatoka vizuri, macho hayaonekani. Picha nyingi za mahafali huharibika hivyo, na inaniuma, maana mzazi anaitundika sebuleni akitaka kumwona mwanawe.

Tafuteni kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Ongezeni hatua moja, pigeni, mtazame sura kwenye kioo cha nyuma. Macho bado yamefichika? Ongezeni tena. Anga la nyuma likigeuka jeupe tupu, liacheni.

Bora zaidi ni varanda ya madarasa. Msimamishe mwenzako kivulini, hatua moja kutoka pale jua linapoishia, atazame uwanjani. Udongo wetu mwekundu uliopigwa na jua unarudisha mwanga laini unaopanda mpaka chini ya kidevu na kwenye mashavu. Sasa zitazame mboni zake. Ukiona nukta ndogo ya mwanga katika kila jicho, piga. Usipoiona, mwambie ageuze uso taratibu mpaka itokee. Pasipo na varanda, mtu mwingine ashike karatasi nyeupe ya manila usawa wa kifua. Saa sita mchana msimpange mtu uwanjani. Jua liko utosini na macho yote yanaingia gizani. Saa moja asubuhi na saa kumi na moja jioni ndio wakati wetu.

Vumbi nalo lina adabu zake. Upepo wa Juni hadi Agosti hauna huruma, basi lenzi isibadilishwe nje. Wala msifute kioo cha lenzi kwa shati, chembe za mchanga zitakikwaruza. Pulizeni kwanza kwa kipulizio cha mpira, ndipo mtumie kitambaa laini.

Tukitoka, iwe mnadani Msalato au kwenye ngoma za Wagogo, salimieni na kuomba ruhusa kabla ya kuinua kamera. Mtu akikataa, shikamoo yake iko palepale. Akina mama wanaopiga muheme huibana ngoma kati ya mapaja na mikono yao haishikiki kwa kasi. Wekeni shata, yaani kasi ya kamera kufunguka na kujifunga, iwe 1/500 ya sekunde au kasi zaidi, la sivyo mtapata ukungu mahali pa mikono.

Safari ninayoipenda kuliko zote ni ya Kolo, Kondoa, kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa na UNESCO kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Michoro mingi iko chini ya miamba iliyoinama mbele, kwa hiyo mwanga wake ni uleule wa varanda na hamhitaji flashi. Msiiguse, msiimwagie maji eti rangi ikolee. Bebeni stendi, wekeni shata ya polepole, na mtumie kipima muda cha sekunde 2 ili kidole kisiitikise kamera. Kabla ya kushuka, mpigeni picha mwongozaji palepale chini ya mwamba, mumuulize jina lake linavyoandikwa, na mliandike daftarini siku hiyohiyo pamoja na namba ya picha.