Anzeni na bei ya mbuzi

Mhariri, mmeuliza wiki hii "utajuaje kama wananchi wa nchi yako wako salama?" na najua wengi wataanza kuhesabu polisi na visa vya wizi. Mimi nimezunguka Turkana, kaunti kame huko kaskazini mwa Kenya, na ule utepe wa rangi tatu wa kupima mzunguko wa mkono wa mtoto kuona kama ana utapiamlo, chini ya milimita 115 ni nyekundu, huyo anaenda matibabu mara moja, hadi 125 ni njano, ikizidi hapo kijani. Sasa mtoto wa nyekundu umwambie yuko salama juu hakuna mwizi?

UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, walishasema hii kitu 1994, kwamba usalama wa binadamu una sehemu saba, uchumi, chakula, afya, mazingira, mtu binafsi, jamii na siasa. Sawa kabisa. Shida ni mtu akizichanganya zote apate namba moja ya nchi nzima, hapo mimi nakataa. Utafiti wa kaya wa KNBS, ile ofisi ya takwimu ya taifa, wa 2015/16 ulisema umaskini Kenya ni asilimia 36.1, lakini Turkana ilikuwa 79.4 na Nairobi 16.7, haya niambieni hiyo 36 ni ya nani.

Alafu hizo saba zinavutana. Mvua ikikosa mbuzi anakonda, bei yake inaanguka na mahindi ndio hayo yanapanda, vijana wanapeleka mifugo mbali kutafuta nyasi wanakutana na wengine wanaotafuta nyasi hiyohiyo, na wote wana bunduki, kesho shule imefungwa na nesi ameomba transfa. Ukija wakati huo utaandika "uhalifu" na kuitisha polisi, kumbe ilianza sokoni. Ndio maana napenda vile NDMA, mamlaka ya serikali ya kushughulikia ukame, hufuatilia kila mwezi zile kaunti 23 kame, mvua, umbali wa maji, mikono ya watoto, na hiyo ya mbuzi mmoja ananunua kilo ngapi za mahindi (mama yeyote pale mjini Lodwar, Turkana, atakujibu bila kompyuta).

Kitu kimoja tu, fomu nilizokuwa najaza hazikuwa na swali la woga. Umbali wa maji niliandika, kilomita ngapi, basi. Mimi ningeongeza tu, jana ulienda maji saa ngapi na ulienda na nani? Akikuambia siku hizi tunaenda wanne wanne na tunarudi kabla jua kushuka, andika hiyo.