Ruzuku za kupunguza taka za plastiki: maswali yenu na majibu

Barua za safari hii karibu zote zinauliza kuhusu fedha: nani anatoa, nani anapewa, na kwa nini maandiko mengi ya maombi yanarudishwa.

Sisi ni vijana watano wa Mwanza. Tunayeyusha mifuko ya plastiki, tunachanganya na mchanga na kutengeneza tofali za pevingi. Tumeomba ruzuku mara mbili, tukajibiwa kwamba hakuna ubunifu mpya. Tuache?

Msiache, ila msiombe tena kwa maelezo yale yale. Tofali za namna hiyo zimeshajulikana. Nzambi Matee wa Nairobi, mwanzilishi wa Gjenge Makers, alipata tuzo ya vijana ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa mwaka 2020 kwa kazi hiyo hiyo. Anayesoma andiko lenu anataka kujua ninyi mna nini ambacho wengine hawana, na mara nyingi jibu haliko kwenye tofali. Liko kwenye namna mnavyoipata plastiki, mnavyoichambua na mnavyomfikia mnunuzi.

Anzeni na kuchambua, kwa sababu hapo ndipo vikundi vingi huanguka. Matee hutumia plastiki za mifuko, ndoo, kamba na chupa za shampuu, lakini si chupa za maji ya kunywa. Mfuko laini huyeyuka kwenye nyuzi joto 110 hivi, kifuniko cha chupa kati ya 130 na 165, na chupa yenyewe ya maji hutaka karibu 250. Mkizitia zote kwenye pipa moja, mifuko itaungua na kufuka moshi kabla chupa hazijalainika, na tofali litatoka na vipande ambavyo havikushikana. Chukueni beseni la maji, kateni kipande cha chupa ya maji na kipande cha kifuniko chake, mvizamishe vyote na kuviachia. Cha chupa kitabaki chini, cha kifuniko kitapanda juu. Jaribio hilo halina gharama, na mkiliingiza kwenye kazi yenu ya kila siku mkalieleza kwenye andiko, msomaji atajua anazungumza na watu wanaoijua plastiki. Vipande vya mabomba ya PVC navyo huzama. Hivyo visikaribie moto kabisa, maana vikiungua hutoa gesi ya asidi na sumu ya dayoksini.

Kama mnayeyushia kwenye pipa lililo wazi, andikeni hivyo hivyo na muombe fedha za kuliziba na kuudhibiti moshi. Kuondoa taka mtaroni na kuzihamishia kwenye mapafu ya vijana watano si ushindi, na mimi nisingeunga mkono andiko linalolificha jambo hilo.

Kisha fungueni daftari. Kila siku andikeni kilo zilizoingia, zimetoka kwa nani, kwa bei gani, zilizotupwa kwa uchafu, tofali zilizotoka na zilizouzwa. Pelekeni tofali chache zikapimwe nguvu maabara, muambatanishe cheti. Na msiandike kwamba mmelisafisha Ziwa Victoria. Andikeni kilo zenu, hata kama ni chache.

Nina wazo zuri lakini sina kampuni wala kikundi. Naweza kuomba? (Tanga)

Inategemea unamwomba nani. Mpango wa Ruzuku Ndogo wa GEF, yaani Mfuko wa Mazingira wa Dunia, ulioanza 1992 chini ya UNDP, Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, huzipa fedha asasi na vikundi vya jamii, si mtu mmoja, na kwa miaka mingi ukomo wake ulikuwa dola 50,000 kwa mradi. Tafuta kikundi kilichosajiliwa mkubaliane kwa maandishi nani anafanya nini. Kama wazo lako ni la kifaa au mashine, fuatilia MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu ya Tanzania yaliyoanza 2019, ambayo huwapokea hata wabunifu wa sekta isiyo rasmi. Ila usichanganye ruzuku na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu. Ile haina riba, lakini ni mkopo na utaurudisha.

Nimepigiwa simu nikaambiwa nimechaguliwa kupata ruzuku ya mazingira, ila nilipie kwanza ada ya kushughulikia faili. (Mombasa)

Usilipe. Mfadhili wa kweli hakutozi ada ili akupe ruzuku, na hakuchagui kama hukuomba. Kata simu, na wape taarifa wenzako wa kikundi kabla hawajapigiwa.

Nauza sabuni ya maji kwa kupima. Wateja huja na chupa zao. Binti yangu anasema niombe ruzuku, mimi naona huu si ubunifu, ni biashara ndogo tu. (Morogoro)

Mama, binti yako anasema kweli. Chupa ambayo haikununuliwa haihitaji kuokotwa, kuoshwa, kusagwa wala kuyeyushwa. Kwa maoni yangu kazi yako ina thamani kuliko mashine nyingi za kurejeleza zinazopigiwa makofi kwenye makongamano. Na wafadhili wameanza kuliona hilo. AfriPlastics Challenge, shindano lililofadhiliwa na Kanada na kufungwa mwaka 2023 kwa zawadi za zaidi ya pauni milioni 4, lilitenga kundi zima kwa walioizuia plastiki isitumike tangu mwanzo. Toto Safi ya Rwanda, yenye huduma ya nepi za kitambaa zinazofuliwa na kutumika tena, ilikuwa miongoni mwa washindi.

Wewe hesabu tu. Kila mteja akija, piga mstari kwenye daftari na uandike ujazo wa chupa yake. Baada ya muda utakuwa na idadi ya chupa ambazo Morogoro haikuzitupa, na hiyo ndiyo namba ya kuanzia andiko lako.

Tumepata ruzuku! Lakini fedha zinakuja kwa awamu, na awamu ya pili mpaka tuonyeshe risiti. Sisi tunanunua plastiki kwa waokotaji, fedha mkononi, na hawana risiti. (Nairobi)

Hongereni. Hapa ndipo miradi mizuri hukwama, kwa hiyo litatueni kabla ya kusaini. Kwanza, ombeni awamu ya kwanza itoshe kununua plastiki hadi ripoti ya kwanza ipitishwe, pamoja na muda wa kuisubiri. Ikichelewa, atakayeumia ni mwokotaji, naye chakula chake cha jioni kiko kwenye gunia aliloleta asubuhi. Msimkope.

Pili, tengenezeni fomu ya manunuzi madogo: tarehe, jina, aina ya plastiki, kilo, bei, saini au dole gumba. Mkilipa kwa M-Pesa, hifadhini ujumbe wa kila malipo. Wapelekeeni wafadhili nakala ya fomu, muulize kama mkaguzi wao ataikubali badala ya risiti. Ulizeni pia kama glavu na buti za waokotaji zinaingia kwenye bajeti. Msisaini mpaka majibu yote mawili yaje kwa maandishi.