Jibu: Pingili za shingo za mama zimelika, atarudia maisha yake?

Pole ndugu. Umeuliza kama mama ataishi kawaida baada ya MRI (kipimo cha picha za ndani ya mwili) kuonyesha pingili za shingo zimelika. Picha peke yake haisemi mengi. Wapo wazee wenye pingili kama hizo na hawaumwi popote. Kinachochosha ni usingizi kukatika, shingo kukaza, mkono kufa ganzi, na wengi hupata nafuu kwa fiziotherapia na dawa, bila kisu.

Ila mtazame anapofunga vifungo vya nguo. Vidole vikibabaika, akiyumba akitembea au mkojo ukimsumbua, huenda neva kuu ndani ya uti wa mgongo inabanwa. Hapo msisubiri, muone daktari bingwa haraka. Upasuaji hulenga kwanza kuzuia hali isizidi. Kilichopotea hakirudi chote kila mara. Na wale wanaokunja shingo za watu mpaka ilie “ka!”, msiwaendee kabisa.