Mwanangu, hukuniuliza habari ya kuovateki

Mwanangu,

Wa alaykum salaam. Ujumbe wako wa sauti tumeusikia, na sauti za wajukuu wangu wakigombania simu nimezisikia pia. Umeuliza jambo moja tu: mkija Busia kwa Idi, mtoke Kampala usiku baada ya kazi ili mkwepe jemu ya Mukono, au mlale mtoke alfajiri. Baba yako alijibu kabla ujumbe haujaisha. "Usiku," akasema, akarudi kwenye redio yake. Ungetaka jibu la hivyo ungempigia yeye. Umenipigia mimi, kwa hiyo vumilia.

Hoja za baba yako unazijua tangu enzi alipokuwa akiendesha trela. Usiku lami imepoa na tairi hazichemki. Bodaboda wamepungua. Na kwenye kona unaona mwanga wa anayekuja kabla hujamwona mwenyewe. Hiyo ya mwisho ni kweli tupu, nimekaa kando yake nikaona taa zikipanda kwenye miti ya msitu wa Mabira kabla gari halijatokea. Lakini mwanga unakuonyesha chenye taa. Trela iliyokatika ekseli pale Busitema haina taa. Trekta la miwa halina taa. Mzee wa Iganga na baiskeli yake ya mkaa hana taa, na mtu aliyetoka kwenye pombe ya waragi akaamua kulala kwenye lami kwa sababu ina joto, huyo hata nguo nyeupe hakuvaa. Ukikuta matawi mabichi yametupwa barabarani, mbele kuna gari bovu. Dereva angekuwa na pembetatu ya kuakisi angeiweka, hana, amekata tawi. Mchana unaliona tawi kutoka mbali. Usiku unaliona likiwa karibu kuingia chini ya bampa.

Haya, kwa hiyo mchana? Mchana kuna watoto wa shule wanaovuka Bugiri bila kutazama, kuna taksi zinazosimama popote abiria anapoinua mkono, na kuna huyo bodaboda aliyebeba abiria watatu na kitanda. Alfajiri nayo Mabira huwa na ukungu. Unaona? Ndiyo maana sitaki kukutajia saa. Saa haiovateki. Dereva ndiye anayeovateki, na hapo ndipo pana maneno yangu, yale yale uliyoyasikia tangu ukiwa mdogo: usilipie usichokiona.

Baba yako hapa anacheka. Anasema mimi nimekulisha na kukusomesha kwa kununua mabelo ya mitumba yaliyofungwa, sijui ndani mna koti au matambara. Ni kweli. Lakini belo likiwa bovu nimepoteza pesa, nikalia siku mbili nikanunua jingine.

Mumeo ni dereva mzuri, sisemi neno. Ila nilimwona mara ile tulipokwenda Jinja: akifika nyuma ya lori anasogea karibu mno, kama anataka kusoma maandishi ya mlangoni. Ukisogea hivyo lori ndilo linakuwa dunia yako yote. Rudi nyuma, mwambie. Ukikaa mbali unaona upande wa kulia na upande wa kushoto wa lori, na likifunga breki una nafasi. Sekunde mbili, baba yako anasema, na mvua ikinyesha nne: lori likipita nguzo, hesabu, na wewe usiifikie nguzo hiyo kabla hujamaliza. Na wewe unayekaa kushoto usimwambie "pita, pita". Dereva wetu yuko kulia, karibu na mstari wa kati, yeye angalau anachungulia. Anayekaa kushoto anaona mgongo wa lori na mifereji tu.

Halafu kuna hizi indiketa. Dereva wa trela akiwasha ya kushoto anakwambia njia nyeupe, pita. Akiwasha ya kulia anakwambia kaa. Usiku akija mbele yako na ya kulia imewaka, anakuonyesha ubavu wake unaishia wapi. Ni adabu nzuri ya wasafiri na nimewapenda kwa hiyo. Lakini ya kulia inaweza kuwa anakata kona kulia, na ya kushoto inaweza kuwa anataka kuegesha Naluwerere akale. Na hata akiwa na nia njema, ameona kwa macho yake, kwa urefu wa kiti chake, kwa mwendo wa gari lake. Wewe hujaona.

Sasa nimejifikisha mwenyewe kwenye nikahi ya mama yako mdogo.

Ulikuwepo, nyuma, katikati ya bibi yako mzaa baba na sanduku. Hilo sanduku lilikuwa na kanga zote za bibi harusi, udi, na ile shela niliyoihangaikia Mombasa. Nikahi ilikuwa Kibuli, huko Kampala, baada ya Adhuhuri. Mimi ndiye niliyemlea yule mtoto mama yetu alipofariki. Ilikuwa mimi nimvishe, mimi nimtoe chumbani. Tulitoka hapa baada ya swala ya alfajiri. Daraja jipya la Jinja halikuwepo bado, hilo limefunguliwa 2018. Tulipita juu ya bwawa la Nalubaale, foleni, tukavuka, tukaingia Mabira tukiwa na muda wa kutosha na hata wa kununua gonja, zile ndizi za kuchoma, pale Najjembe. Gonja tulinunua. Baada ya Najjembe ndipo tulipolikuta lile trekta.

Miwa, tela mbili, mwendo wa mtu anayetembea kwenda msikitini mapema. Nyuma ya trekta lori la mafuta, nyuma ya lori sisi na gari yetu ya Corona, nyuma yetu gari za watu wa harusi, honi kila mtu. Kona, mstari mweupe usiokatika, kona tena. Baba yako mikono miwili juu ya usukani. Bibi yako nyuma anasema pita, pita. Mimi nilinyamaza, na unanijua ninavyonyamaza.

Pakaja mahali pamenyooka. Ni hapo tu, napakumbuka mti kwa mti. Dereva wa lori la mafuta akawasha indiketa ya kushoto. Mjomba wako na gari yake ya Noah akachomoka nyuma yetu, akatupita sisi, akalipita lori, akalipita trekta, mkono nje ya dirisha anatupungia. Gari ya pili ikapita. Ya tatu. Baba yako hakusogea. Nikamtazama. Akasema, "Yeye ameona. Mimi sijaona."

Mwanangu, barabara ilikuwa tupu. Hakuna kilichokuja. Trekta lilipokata kuingia mashambani karibu na Lugazi ilikuwa imepita karibu saa nzima, na tulipofika Kibuli watu walikuwa wanakula tende. Nikahi imeshafungwa. Alivishwa na mke wa jirani, kanga za kuazima. Ile picha iliyo sebuleni kwa mama yako mdogo unaijua. Nitafute humo uone kama utanipata.

Na hili ndilo linalonikaa kooni mpaka leo: hakuna aliyepata ajali. Ingekuwa moja ya zile gari imegonga, Mungu apishe mbali, leo baba yako angekuwa shujaa wa ukoo na mimi ningekuwa nasimulia hadithi nyepesi. Wote walifika. Wote walikula pilau ya moto, na sisi tukala iliyobaki. Mjomba wako anaendesha vile vile hadi leo, hana hata mkwaruzo, na kila Idi lazima aulize kama tumekuja na trekta. Nimuambie nini? Aliyengoja hana cha kuonyesha. Aliyepita ana picha.

Halafu usiku mwingine nakaa nafikiri kinyume. Oktoba 2025, umesikia kama mimi nilivyosikia, kule Kiryandongo kwenye njia ya Gulu, mabasi mawili yaliyokuwa yanapita magari mengine yalikutana uso kwa uso baada tu ya saa sita usiku. Polisi walisema waliokufa ni 63, kisha wakasahihisha wakasema 46. Wale madereva nao lazima walishawahi kupita mahali pabaya mara nyingi wakafika. Ndivyo walivyojifunza kwamba inawezekana. Hiyo ndiyo shida ya mjomba wako, kila mara anapofika salama anafundishwa somo la uongo. Haya, lakini na baba yako naye, si angeweza kuchungulia? Ile sehemu ilikuwa imenyooka!

Nilimwambia hivyo tena jana, akachukua kalamu. Nakuandikia hesabu yake kwa sababu ameng'ang'ania. Trela inakwenda 60, wewe 100. Unaishinda kwa mita 11 hivi kila sekunde. Uanze mita 20 nyuma yake, urefu wake mita 18, uingie mita 20 mbele yake: ni karibu mita 58, sekunde tano na kitu. Katika hizo sekunde wewe umekwenda mita 150, na yule anayekuja kwa 100 naye amekuja mita 150. Kwa hiyo mita 300 zinakwisha kabla hujarudi upande wako, na hapo mmepishana kwa unywele. Baba yako anataka 500, na asipoziona haendi. Nikamuuliza, na trekta? Trekta si trela. Akasema trekta lenye tela mbili na lori la mafuta nyuma yake si kupita gari moja, ni kupita msafara, na kati yao hapakuwa na nafasi ya kujichomeka. Kisha akaweka kalamu chini akasema, "Na tulikuwa na mtoto nyuma."

Mtoto mwenyewe ni wewe.

Sisemi alikuwa sahihi. Nimeapa sitalisema hilo kabla mama yako mdogo hajalisema kwanza, na yeye ameapa kinyume. Lakini usilipie usichokiona, hilo nalisema, na ni langu, si lake.

Mengine haraka. Tazama tairi kabla ya kutoka: ubavuni kuna tarakimu nne, 2319 maana yake juma la 23 la mwaka 2019, muuza tairi akikwambia ni mpya, soma mwenyewe. Upepo upimwe tairi zikiwa baridi. Mkanda kila mtu, na mdogo asipakatwe, ana kiti chake mlichonunua, kisije kikawa cha kuwekea mikate. Msije mmefunga kuanzia asubuhi, mmefanya kazi kutwa, mkafuturu mkashiba kisha mkashika usukani. Macho yakianza kubana simameni Iganga kwenye kituo cha mafuta chenye taa na watu, mlale dakika 20. Kahawa inamdanganya dereva. Mkitaka kuzipunguza trela, ile njia ya lami ya Musita kupitia Mayuge na Lumino inawafikisha, ingawa baba yako hapendi kuisikia kwa sababu hakuwahi kuipita kazini.

Saa ya kutoka chagueni wenyewe. Mimi ningelala, nikatoka saa kumi na moja, Mabira nikaikuta kumekucha. Lakini sijasema kitu.

Nikipiga simu mkiwa njiani usishike wewe wala mumeo, mpe mkubwa aongee. Na mjomba wako ameuliza kama mnaweza kuandamana naye, eti anatoka siku hiyo hiyo. Nimemwambia hamjaamua.

Mama yako, Busia