Kabla Hujapanda Kinyunguni, Uliza Baridi Inalala Wapi

Juzi nimeamka nikakuta ujumbe mrefu wa dada mmoja wa Dodoma. Amekodi ekari mbili za bondeni huku kwetu Njombe. Maji yapo, udongo mweusi tii, na mwenye shamba amemwambia kwamba viazi vikiingia ardhini sasa hivi vitatoka wakati sokoni vimeadimika, kwa hiyo bei atapanga yeye. Mbegu anayo, mbolea ya DAP anayo, vibarua amewapata. Alitaka kujua jambo moja tu: anunue dawa gani ya ukungu wa majani?

Nilikaa kitandani na simu mkononi, nikashindwa kumjibu. Huyo dada ni mimi wa mwaka 2020, neno kwa neno. Na aliyoambiwa ni ya kweli yote. Ila hakuna aliyemwambia baridi ya huku inalala wapi.

Najua wengi mnaonisoma hapa mna ndoto hiyohiyo: ekari zako mbili tatu Nyanda za Juu Kusini, viazi, parachichi, ng'ombe wawili wa maziwa, uachane na kodi ya fremu mjini. Ni ndoto nzuri, na mimi naiishi. Lakini niliingia kwa mlango mbaya, na leo nawaeleza nilivyoingia.

Nilirudi hapa kwa wakwe zangu mwishoni mwa 2018, duka letu Dar lilipokufa. Kijiji chetu kiko nje kidogo ya mji, upande wa barabara ya Makete, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mwaka wa kwanza nililima mahindi ya kawaida na sikupata hasara wala faida ya kusimulia. Mwaka wa pili nikakiona kinyungu.

Kwa asiyejua, kinyungu ni shamba la bondeni ambalo watu wa Iringa, Mufindi na Njombe hulilima kiangazi, mvua zikishakatika, kwa kutumia unyevu uliobaki ardhini. Milima yote imekauka, huko chini kunabaki kijani. Mtu aliyetoka Pwani akikiona anajiuliza kwa nini kila mtu hajajaza viazi pale. Na mimi nilijiuliza hivyo. Nikachukua mkopo kwenye kikoba, rafiki yangu mmoja tuliyekuwa naye kikundini akaongeza shilingi 1,200,000 tugawane faida, nikanunua magunia kumi na mawili ya mbegu kwa ekari moja na nusu. Nikapanda wiki ya mwisho ya Mei.

Mama mkwe alikuja kuniangalia nikipanda. Alisimama kwenye kingo na kanga yake mabegani, akasema, "Mwanangu, kule chini sisi tulikuwa tunaweka kabichi." Nikamjibu, "Sawa mama," nikaendelea na tuta langu. Wiki mbili baadaye akarudia. Siku ya kupandishia udongo akarudia mara ya tatu. Nilidhani anazungumzia bei. Hakufafanua, nami sikumuuliza, na hilo ndilo linaloniuma kuliko hela. Kabichi inavumilia barafu nyepesi. Kiazi hakivumilii. Yeye alilijua hilo kwa miaka hamsini ya kulima bonde lile.

Katikati ya Julai viazi vilikuwa vimefika magotini, vimeanza kutoa maua. Tulikuwa na siku tatu za ukungu na manyunyu, ile hali ya kipupwe ambayo nguo hazikauki hata kwa jiko. Siku ya nne jioni mawingu yakafunguka. Upepo ukakata. Nilitoka nje saa tatu usiku nikaona nyota zimejaa mbingu nzima, nikamshukuru Mungu kwamba manyunyu yamekwisha na ukungu wa majani utapungua. Nililala na furaha.

Asubuhi ndoo ya maji nje ya banda ilikuwa na utando wa barafu juu. Nilishuka bondeni bila kunywa chai. Shamba lote lilikuwa jeupe kama limenyunyiziwa chumvi. Nilishika jani moja likakatika mkononi kama bisi. Jua likapanda, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipofanyika mbele ya macho yangu: ule weupe ukayeyuka, majani yakalegea, yakawa kijani kilichoiva kama mboga iliyotoka kwenye maji ya moto. Hata harufu ilikuwa ya mboga iliyochemshwa. Kufika saa sita mchana yalikuwa meusi.

Lakini matuta sita ya juu kabisa, karibu na njia, yalikuwa mazima. Mbegu ileile, siku ileile, mbolea ileile. Kati ya yaliyokufa na yaliyopona kulikuwa na mstari ambao ungeweza kuupima kwa kamba. Nilisimama kwenye mstari ule muda mrefu sana.

Rafiki yangu alikuja Jumamosi. Aliangalia, hakusema kitu. Wiki iliyofuata nikasikia kwenye kikundi kwamba viazi nimeshauza kimyakimya na sasa nasingizia hali ya hewa. Hakuna aliyekuja kuuliza, na watu niliokula nao wakaacha kunisalimia. Nimemlipa 1,200,000 yake yote, kwa miaka miwili, kwa maziwa ya lita moja moja. Daftari ninalo, tarehe zipo, na sahihi yake ipo. Naandika hivi kwa sababu najua anasoma.

Kwa nini juu vilipona? Bwana shamba alinieleza siku moja tu na sijasahau. Mchana ardhi inabeba joto la jua. Usiku inalitoa. Kukiwa na mawingu, joto lile linarudishwa chini, mawingu ni blanketi. Kukiwa na upepo, hewa inachanganyika. Usiku wa nyota bila upepo, joto linaondoka moja kwa moja, na hewa iliyogusa ardhi inapoa kuliko ile ya juu yake. Hewa baridi ni nzito, kwa hiyo inateremka mlimani taratibu kama maji, inafuata makorongo, inakwenda kutuama bondeni. Ndiyo maana kipimajoto cha ukutani kwako kinaweza kusoma nyuzi 3 huku majani kinyunguni yameshuka chini ya sifuri.

Kisha akaninyoshea kidole upande wa chini wa shamba. Jirani alikuwa amepanda misindano imebanana, mstari mnene umekata bonde zima. Bwana shamba akasema hilo ni bwawa. Baridi iliyoteremka ilitaka kupita iendelee na safari, ikagonga miti, ikajaa kwangu. Mimi nilikuwa naiona ile miti kama kinga ya upepo. Nilikuwa hata nimemshukuru jirani.

Kwa hiyo, dada yangu, hapo ndipo pa kuanzia. Kabla ya dawa ya ukungu, nenda shambani saa kumi na mbili asubuhi, siku iliyofuata usiku wa nyota, uangalie weupe umeishia wapi kwenye nyasi. Usiende saa nne na mwenye shamba, saa nne kila bonde linapendeza. Paweke vigingi mahali weupe ulipoishia, halafu viazi vyako vikae upande wa juu wa vigingi hivyo. Chini weka kabichi kama mama mkwe wangu alivyosema, au subiri Agosti iishe ndipo upande. Angalia pia kilicho chini ya shamba lako: miti iliyobanana, tuta la barabara, ukuta, kitu chochote kinachoweza kuzuia hewa isiendelee kushuka.

Sikiliza redio pia. Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, hutoa mwelekeo wa kipupwe, Juni hadi Agosti, na maeneo yetu ya nyanda za juu hutajwa karibu kila mara. Zamani nilikuwa nazima redio wakifika hapo.

Mengine niliyojifunza ni madogo. Udongo wenye unyevu unatunza joto la mchana kuliko udongo mkavu, kwa hiyo jioni ambayo mbingu imefunguka mimi humwagilia mapema, jua likiwa bado lipo, ardhi inywe. Inasaidia barafu ikiwa nyepesi. Ikiwa kali haisaidii. Moshi nimejaribu. Nilichoma mabua usiku kucha Julai ya mwaka uliofuata, macho yakavimba, na moshi ukapanda juu ukaniacha na baridi yangu. Kinachosaidia ni joto la moto, na moto wa kupasha bonde zima huna.

Na barafu ikishapiga, usiguse shamba siku hiyo. Mimi kwa hasira niling'oa kila kitu mchana uleule, nikakuta viazi vya ukubwa wa gololi, nikawapa nguruwe wa jirani. Mzee wa ng'ambo ya mto aliacha vyake. Baada ya siku kumi vikachipua upya kutoka chini, maana tuta lilikuwa limefunika shina. Alivuna kidogo, lakini alirudisha mbegu. Kama ningekaa nyumbani nikalia siku ile badala ya kushika jembe, pengine nusu ya deni ingejilipa.

Kuhusu mahindi sina mengi. Huku yanakomaa wakati wa baridi na ukungu, yanakauka polepole. Usiyalundike ndani yakiwa na unyevu eti kwa sababu unaogopa wezi, utavuna sumukuvu. Turubai, jua la saa tano, uyageuze.

Nizungumzie ng'ombe, kwa sababu ndio walionitoa kwenye aibu. Kipupwe hiki cha kwetu hakiui ng'ombe mkubwa aliyeshiba. Kinaua ndama aliyelala kwenye maji. Nilipoteza ndama jike wa wiki tatu, Agosti ileile ya 2020, kwa homa ya mapafu. Nilikuwa nimeziba banda kwa maturubai pande zote nne ili apate joto, mkojo ukabaki ndani, hewa nzito, sakafu mbichi, na asubuhi ukuta unatiririka jasho. Nikadhani nimemfunika vizuri. Usiku wa mwisho nilimleta jikoni, nikamlaza kwenye gunia karibu na mafiga, nikawa nasikia pumzi yake inakwama. Alikufa kabla jogoo hajawika.

Sasa naziba upande mmoja tu, ule unakotoka upepo wa kusi, kutoka chini mpaka usawa wa mgongo wa ng'ombe. Juu naacha wazi. Matandiko ni majani makavu, yanabadilishwa kila siku, na ukipiga goti ndani ya banda suruali isilowe. Hicho ndicho kipimo changu. Ndama akizaliwa anapewa dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama yake, mapema ndani ya saa za kwanza, siyo baada ya wageni kuondoka. Tangu hapo sijapoteza hata mmoja.

Na maziwa yakishuka Julai usikimbilie kumlaumu ng'ombe wala dawa. Ni chakula. Mabingobingo yakipigwa na barafu yanageuka rangi ya karatasi, ng'ombe anajaza tumbo bila kupata kitu, na wakati huohuo anahitaji chakula zaidi ili ajipashe joto. Saileji, yaani malisho mabichi yanayovundikwa bila hewa, inatengenezwa Aprili na Mei, mahindi yakiwa yanatoka kwenye hali ya maziwa kuelekea kukaza, siyo Julai unapoanza kulia. Mimi hukatakata, nashindilia kwenye shimo lililotandikwa nailoni mpaka hewa itoke, nafunika, naweka udongo juu. Mwaka huu nimelifungua shimo tarehe 20 Juni, na ng'ombe wangu wawili hawajashuka hata lita moja. Majirani waliokuwa wananiangalia nashindilia shimo kwa miguu peku wamekuja kuuliza bei.

Ndugu zangu, ardhi ya huku haimchukii mgeni. Lakini haimsubiri pia. Tunakuja na simu zenye video za mashamba ya watu, tunakuja na mahesabu ya gunia mara bei, na tunawapita wazee waliokaa kwenye kingo za mashamba yao tukiwaambia "shikamoo" tu basi. Mkopo ukikaribia kuiva ndipo tunawauliza. Ukifika kijijini, kaa nao. Uliza bonde lile lilikuwa linalimwa nini, na lini, na kwa nini. Wakikujibu kwa sentensi moja fupi, uliza tena. Mimi sikuuliza tena.

Wiki iliyopita barafu ilipiga. Nilishuka kwa mguu asubuhi na mama mkwe, siku hizi anatembelea fimbo. Kabichi za chini zilikuwa nyeupe, na jua lilipozishika zikanyooka kama hakuna kilichotokea. Viazi vya juu ya vigingi, robo tatu ya ekari, kijani chote. Alichuma jani moja la kiazi, akaligeuza, akanikabidhi. Hakusema kitu, na mimi nililia pale mbele yake bila kuona haya.

Dada wa Dodoma, mbegu yako iache penye mwanga hafifu, isipigwe na jua, ichipue taratibu, haitaharibika kwa wiki chache. Nitumie picha ya bonde hilo, iliyopigwa asubuhi kabla ya jua, na nyingine inayoonyesha kilichoko upande wa chini. Nitakujibu kesho. Leo siwezi, mbingu imeanza kufunguka tangu saa tisa, upepo umepungua, na nina matuta ya kumwagilia kabla jua halijazama.